Kabla Hujanunua Mashine ya Kusafishia Mazulia: Mwongozo kwa Mfanyabiashara wa Shinyanga na Geita

Kama upo Kahama, Katoro, Geita mjini au Shinyanga na unataka kununua mashine ya kusafishia mazulia na makochi, wateja wapo. Gesti ni nyingi, ofisi za wakandarasi wa migodi zina viti vya kitambaa, misikiti ina mazulia yaliyotandikwa jengo zima ambayo hayawezi kubebwa kwenda kuanikwa uani, na magari yanayorudi kutoka machimboni yana viti ambavyo rangi yake ya mwanzo haijulikani tena. Kinachowakwamisha wengi ni mashine kufa kabla haijarudisha hela yake. Nami nashikilia kwamba nyingi kati ya hizo zilipotea siku ileile ya kununuliwa, pale mnunuzi aliposoma wati kwenye boksi, akalipa, asiulize mashine inafunguliwaje na kipuri chake kinapatikana wapi.

Ninazozungumzia hapa ni zile mashine za kubebeka zinazopuliza maji yenye dawa ndani ya zulia kisha kuyafyonza papo hapo pamoja na uchafu wake. Mashine ya presha ya kuoshea magari ni kitu kingine. Vakyumu ya vumbi kavu nayo ni kitu kingine, ingawa utaihitaji, na nitaeleza kwa nini.

Mota ndiyo unayoinunua

Mashine hizi zote, za bei ndogo na za bei kubwa, zina viungo vilevile vichache: tanki la maji safi, pampu ndogo inayosukuma maji hadi kwenye nozo, mota ya kufyonza, tanki la maji machafu, mpira wa maji, mpira wa hewa, na mkono wa kufyonzea. Za bei ya juu huongezewa hita. Kati ya hivyo vyote, mota ndiyo yenye gharama na ndiyo inayokufa, kwa hiyo anza nayo.

Karibu zote hutumia mota ya kaboni. Vipande viwili vya kaboni husugua sehemu ya shaba inayozunguka, na kila saa ya kazi hupungua kidogo. Mota za ukubwa huu kwa kawaida huundwa kufanya kazi kwa mamia kadhaa ya saa, na zilizo nzuri hufika kama saa 1,000. Sasa piga hesabu ya biashara yako. Ukifanya kazi saa 4 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hizo ni saa 100. Mota ya saa 600 itafika mwisho wake ndani ya miezi sita, na hapo haijaharibika, imefanya kile ilichoundiwa kufanya. Balaa ni kukuta mota imezibwa kwa gundi, kaboni zake hazitoki, na mashine nzima inakuwa takataka kwa sababu ya vipande viwili vya kaboni vyenye ukubwa wa kidole.

Swali lako la kwanza dukani liwe hili: kaboni za mota hii zinabadilishwaje, na unazo hapa? Muuzaji anayejua mashine yake atakuonyesha skrubu za kufungulia. Akikuambia mashine hii haina mambo hayo, nenda duka lingine.

Swali la pili ni mota inapozwa na hewa gani. Vakyumu nyingi za vumbi kavu hupoza mota kwa hewa ileile inayofyonzwa. Kwa mashine inayofyonza maji, hilo ni kosa la kimuundo, kwa sababu unyevu hupita katikati ya nyaya za mota. Mota ya maji inatakiwa iwe na feni yake inayovuta hewa safi kupitia matundu yake, na hewa yenye unyevu itoke njia nyingine. Kulithibitisha ni rahisi. Washa mashine, ziba kabisa mdomo wa mpira wa hewa kwa kiganja, mwenzako aweke mkono kwenye matundu ya kupozea. Hewa ikiendelea kupita hapo, mota ina njia yake. Hewa ikikatika, usiinunue kwa kazi ya maji, hata boksi likiwa na picha ya maji.

Kuhusu wati, usikubali kudanganywa. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha, unapata wati 2,990. Mashine yenye plagi moja iliyoandikwa wati 4,500 inasema jambo lisilowezekana. Zaidi ya hapo, wati zinakuambia umeme utakaoliwa, hazikuambii mashine inafyonza kiasi gani. Tafuta namba mbili kwenye kitabu chake: mvuto, unaoandikwa kwa milibari au inchi za maji, na wingi wa hewa kwa sekunde. Kwa kulinganisha, Puzzi 10/1 ya kampuni ya Kärcher ya Ujerumani, inayotumika sana mahotelini, ina mota ya wati 1,250 na pampu ya wati 40 tu. Mvuto wake ni milibari 220 na hewa yake lita 54 kwa sekunde. Sikutumi ununue hiyo. Nakupa kipimo, uone kwamba mashine ya kazi haifikii hata nusu ya wati 3,000 ambazo wauzaji hujivunia.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna muuzaji wa Kariakoo atakayekuambia. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji yetu hii iko kwenye kimo hicho au juu yake. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia kama 12, na mvuto wa mashine hupungua kwa kiasi hichohicho. Mashine iliyokuwa inatosheleza kwa shida Dar es Salaam itakuwa dhaifu Geita. Nunua yenye akiba ya nguvu. Kiangazi unaweza usilione tatizo, kwa kuwa hewa kavu ya Shinyanga hukausha zulia hata likiachwa na maji mengi. Subiri mvua za Novemba hadi Aprili. Zulia lililofyonzwa kwa mashine dhaifu hulala bichi siku mbili, linavunda, na mteja hakuiti tena.

Povu huua kuliko maji

Ndani ya tanki la maji machafu kuna boya. Maji yakijaa, boya hupanda na kuziba njia ya kwenda kwenye mota. Kwa maji, mpango huo unafanya kazi. Kwa povu, haufanyi. Povu ni jepesi, linapita pembeni ya boya bila kulinyanyua, linaingia kwenye feni, kisha kwenye beringi. Beringi zikishapata sabuni, grisi inaoshwa, mlio wa mota unabadilika na kuwa wa kupiga kelele kali, na baada ya wiki chache mota inajam. Fundi atakuambia umeme umeiunguza. Mara nyingi ni povu.

Na mazulia ya kwetu yana povu la miaka. Yamesuguliwa kwa sabuni ya unga, yakamwagiwa ndoo mbili za maji, yakaanikwa kwenye uzio. Sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi ni nyingi kiasi kwamba unaweza kutia maji matupu kwenye mashine na bado tanki la maji machafu likajaa povu. Kwa hiyo usianze kazi bila dawa ya kuua povu, ambayo humiminwa kwenye tanki la maji machafu, kamwe si kwenye lile la maji safi. Ukiikosa, siki kidogo itapunguza. Na kwenye tanki la maji safi tia dawa ya mazulia isiyotoa povu. Sabuni ya unga ya kufulia isikaribie mashine yako hata siku moja. Najua ni rahisi na ipo kila duka, lakini ndiyo inayoua mashine nyingi kuliko kitu kingine.

Ukiwa dukani, fungua kifuniko utazame. Tanki refu lenye kina ni bora kuliko pana na fupi, kwa sababu linalipa povu nafasi ya kutulia kabla ya kufika juu. Maji yanayoingia yagonge ukuta au kizuizi kwanza, yasirushwe moja kwa moja kuelekea tundu la mota. Kikapu cha boya kitoke kwa mkono ili ukisafishe, na boya lenyewe lipande na kushuka bila kukwama. Kifuniko kinachoonyesha ndani kina thamani kubwa. Utaliona povu kabla halijafika juu, uzime.

Vumbi la kwetu na maji ya kwetu

Watengenezaji wa mashine hizi huwaza nyumba ya Ulaya yenye makombo ya mkate na kahawa iliyomwagika. Zulia la Geita lina udongo mwekundu, na la nyumba iliyo karibu na makarasha ya kusagia mawe lina unga wa mwamba wenyewe. Unga huo una chembe za kwatzi ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, nazo hula vali za pampu na kupanua matundu ya nozo. Huku Shinyanga kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba na kunata ukipata maji. Ukiupulizia maji kabla ya kuutoa, umetengeneza tope ndani ya zulia, na tope hilo litaganda kwenye mpira na kichujio.

Ndiyo maana vakyumu kavu si anasa. Toa vumbi kavu kwanza, taratibu, pande zote mbili kama zulia linageuzika. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, maana unga wa kwatzi unaoharibu mapafu ya wachimbaji ndio huohuo unaoukung'uta sebuleni. Kazi hii kavu hula nusu ya muda wa kazi nzima, na wateja wengi hawaioni thamani yake mpaka uwaonyeshe mfuko wa vumbi lililotoka.

Upande wa maji, waliounganishwa na bomba la Shinyanga na Kahama wana bahati. Maji ya mamlaka ya KASHWASA yanatoka Ziwa Victoria, chanzo chake kipo Ihelele, wilaya ya Misungwi, na ni maji laini yasiyo na chumvi nyingi. Ukitumia kisima kirefu, habari ni tofauti. Visima vingi vya Shinyanga vina chumvi, na mkoa huu unajulikana kwa floridi kwenye maji ya ardhini. Maji magumu yakipashwa moto huacha ukoko mweupe, kwanza kwenye hita, kisha kwenye nozo, na mnyunyizo unaotakiwa kufunguka kama feni unakuwa mstari mmoja unaokwenda upande. Usitoboe nozo kwa pini au sindano. Iloweke kwenye siki usiku kucha.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya umeme nitakaoueleza, ushauri wangu ni kununua mashine isiyo na hita. Weka fedha hiyo kwenye mota bora. Maji ya moto utayapata jikoni kwa mteja, ukayachanganya yawe vuguvugu. Soma kwanza kwenye kitabu kiwango cha joto ambacho tanki linavumilia. Matanki mengi yana kikomo cha nyuzi 50 au 60, na maji yanayochemka hupindisha plastiki na kulegeza oringi za pampu. Hakikisha pia kichujio cha maji, kile kilicho kwenye mpira unaonyonya ndani ya tanki safi, kinatoka bila spana. Kisipotoka kwa urahisi hutakisafisha, na pampu itafanya kazi ikiwa imezibwa.

Umeme

Soma kibati kilichobandikwa kwenye mashine, usisome boksi. Kiseme volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine zilizotumika kutoka Uingereza zina volti na plagi ya pini tatu kama yetu, na za Dubai pia zinatufaa. Lakini Uingereza kuna vifaa vya maeneo ya ujenzi vyenye plagi ya mviringo ya rangi ya njano. Hivyo ni vya volti 110, na kuna mafundi wanaokata hiyo plagi na kuweka ya kwetu bila kuuliza. Mashine iliyotoka Marekani nayo ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi ya Kahama itawaka kwa nguvu ya ajabu, utaifurahia kwa sekunde chache, halafu moshi.

Mashine kubwa zenye mota mbili na hita huja na waya mbili za umeme kwa sababu soketi moja haiwezi kuzibeba. Zinatakiwa zichomekwe kwenye laini mbili tofauti. Kwenye gesti ndogo ambako vyumba vyote vya upande mmoja viko laini moja, utakata breka kila dakika tano na mwenye gesti atachoka nawe.

Ekstensheni nayo ni sehemu ya mashine. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, na uutandaze wote, kwani ukiachwa umeviringishwa hupata moto mpaka plastiki ikayeyuka. Siku hizi kuna waya zenye alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kabla ya kulipa, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi na uchomoe plagi, kwa sababu unaporudi huja na msukumo unaoua bodi za mashine zenye vitufe vya kielektroniki. Hii ndiyo sababu napenda swichi za kawaida za kubonyeza. Hazipendezi machoni, lakini kila fundi anazo.

Jenereta ya mteja isikupe matumaini ya haraka. Mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapokwisha kushika kasi, na wati zinazoandikwa kwenye jenereta za bei nafuu ni za kutia chumvi kama zile za mashine. Kwa mashine ya wati 1,300, sikubali jenereta iliyo chini ya kVA 3.

Halafu kuna uhai wako. Unasimama juu ya zulia bichi, umeshika mkono wa chuma uliounganishwa na mashine ya umeme. Waya wa ethi kwenye plagi uwepo na uwe umeshikana na mwili wa mashine. Nunua pia swichi ya kinga ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, uichomeke kati ya soketi na ekstensheni yako. Usitegemee nyaya za nyumba ya mteja. Nyumba nyingi zilizojengwa haraka wakati wa neema ya dhahabu zina soketi zenye tundu la ethi ambalo nyuma yake hakuna kitu. Ukipata kazi kwenye kambi ya mgodi, utaona vifaa vyako vikikaguliwa getini, na hapo swichi hiyo itakutetea.

Mwili, mipira na safari ya guta

Hapa nitapita haraka. Mashine yako itasafiri kwa bajaji, guta au bodaboda kwenye barabara za vumbi, kwa hiyo inyanyue kwa mpini wake tanki likiwa limejaa na usikilize kama linalia. Bonyeza ukuta wa tanki kwa kidole gumba: plastiki nene ya polithini hubonyea na kurudi, ile ngumu inayong'aa hupasuka ikiangushwa, hasa ikishapigwa jua miezi kadhaa. Viunganishi vya mpira wa maji viwe vya shaba, saizi ya robo inchi, ambayo unaweza kupata oringi zake. Mpira wa hewa uwe wa kipimo cha kawaida, milimita 32 au 38. Mdomo wa ajabu unaolingana na mashine hiyo peke yake utakutesa mpira ukitoboka. Na magurudumu makubwa ya raba ni bora kuliko madogo ya plastiki, basi.

Kipuri kiko wapi, na nani anafungua

Kanda hii ina bahati moja kubwa. Makarasha, winchi na pampu za maduarani zimezalisha mafundi wa kusuka mota wenye mikono mizuri, Kahama na Geita wapo wengi. Wathamini, lakini ujue mipaka. Mota ya karasha huzunguka mara 1,500 au 3,000 kwa dakika. Mota ya kufyonza huzunguka zaidi ya mara 20,000. Ikisukwa kwa mkono na uzito ukalala upande mmoja hata kidogo, itatetemeka, na beringi hazitamaliza mwezi. Fundi anaweza kukubadilishia beringi, kaboni, swichi na waya kwa ufanisi kabisa. Waya za ndani zikiungua, nunua mota nzima mpya.

Hapo ndipo uchaguzi wako wa mwanzo unapokuokoa au kukumaliza. Mota za mashine za kazi huja kwa vipimo vinavyofanana: nyingi zina kipenyo cha karibu milimita 144, na mota ya kiwanda kimoja huingia kwenye mashine ya kingine kama urefu na matundu ya skrubu vinalingana. Muombe muuzaji afungue, pima kipenyo na urefu, andika, piga picha ya kibati cha mota. Kisha piga simu Mwanza au Dar es Salaam, uliza kama mota ya vipimo hivyo ipo na bei yake. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Kama mota ni ya umbo la pekee lisilopatikana popote, mashine hiyo ni ya kutumia na kutupa, hata iwe mpya na inang'aa namna gani.

Soma waranti mpaka maandishi madogo. Watengenezaji wengi wa mashine ndogo huandika kwamba waranti ni kwa matumizi ya nyumbani tu, na ukiitumia kibiashara haki yako inakwisha siku hiyo. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, maana bila hiyo huna pa kuanzia. Ukiuziwa kitu chenye maelezo ya uongo, Tume ya Ushindani ipo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kwa bidhaa isiyokidhi viwango kuna TBS.

Kabla hujatoka dukani, omba ndoo, maji lita 10 na kipande cha zulia. Puliza maji yote, yafyonze yote, yapime yaliyorudi. Mimi nikipata chini ya lita 7 siichukui. Iache iendelee kuzunguka dakika 20. Chungulia mota kupitia matundu: cheche ndogo za buluu kwenye kaboni ni kawaida, duara la moto wa rangi ya chungwa ni ugonjwa. Kwa mashine iliyotumika, vipimo hivi ni vya lazima, na nusa pia ndani ya chumba cha mota. Harufu ya maji yaliyooza maana yake povu au maji yalikwisha kupita huko.

Zebaki: kazi ya kukataa

Kuna zulia moja ambalo nakusihi usiliguse kwa bei yoyote.

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na kwingineko hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma donge lile ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019 biashara ya kuuza imehamia mahali rasmi, lakini uchomaji bado unafanyika, na mara nyingine ni jikoni au kwenye chumba cha nyuma cha nyumba watu wanayolala. Zebaki ikimwagika juu ya zulia hujigawa vitone vidogo sana vinavyozama kwenye nyuzi. Mashine yako ikivifyonza, joto la mota na kasi ya hewa huvigeuza mvuke na kuutawanya chumba kizima. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na huharibu ubongo, neva na figo, na mtoto aliye tumboni. Kisha unaibeba mashine yenye zebaki ndani ya mpira wake kwenda kwa mteja mwingine, ukaiwasha chumbani kwa watoto wake. Hakuna sabuni inayoitoa.

Kwa hiyo uliza kabla hujafungua mashine: hapa haijawahi kuchomwa dhahabu, haijamwagika zebaki? Uliza kwa heshima, mtu asijione anatuhumiwa. Tazama pia mwenyewe kama kuna mizani midogo, koleo, mtungi wa kuchomea. Jibu likiwa ndiyo, waambie wafungue madirisha, wajawazito na watoto watoke, pasifagiliwe wala kufyonzwa. Sehemu yenye zebaki ikatwe kwa glavu, itiwe kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, na waulize Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kanda ya Mwanza, ipelekwe wapi. Umepoteza kazi moja. Mashine na afya yako vimebaki.

Baada ya kila kazi

Mwaga maji machafu siku hiyohiyo. Pitisha maji safi matupu kwenye pampu mpaka yatoke bila dawa, kisha iache mashine ifyonze hewa kavu dakika tano ili unyevu utoke kwenye feni. Toa kikapu cha boya, kioshe. Acha vifuniko wazi usiku. Kama unatumia maji ya kisima, pitisha siki iliyochanganywa na maji mara moja kwa mwezi, ikae nusu saa, usuuze. Mipira itundikwe juu, mbali na panya, na midomo yake izibwe kwa kitambaa, maana mijusi na nyigu hupenda kujificha humo.

Uwe na daftari la saa za kazi. Ukifika saa 400, fungua mota utazame kaboni, na zikibaki theluthi moja ya urefu wake, badilisha zote mbili kwa pamoja hata kama moja inaonekana nzima. Weka kwenye boksi jozi mbili za kaboni, oringi za pampu na viunganishi, nozo mbili, fyuzi za ampea 13, na gasketi ya kifuniko. Kaboni mpya zikishafungwa, usiende nazo moja kwa moja kwa mteja. Iendeshe mashine karakanani nusu saa bila maji ili zikae sawasawa kwenye shaba, na saa hizo anza kuziandika upya kuanzia sifuri.